Egemeo la bunduki: anza na mifuko ya mchanga

Afande, umeuliza kama ununue egemeo la chuma litakalokufaa kulengea shabaha na kusafishia bunduki pia. Kwa mita 100 mimi ningeanza na mifuko miwili ya turubai, mkubwa mbele, mdogo chini ya kitako. Fundi cherehani wa soko la Owino, Kampala, atakushonea. Mchanga wa ziwani uanike juani mpaka ukauke kabisa, maana unyevu wake huleta kutu, na huku Entebbe chuma hushika kutu upesi. Usiujaze pomoni, mfuko ubonyee kidogo ili bunduki ikae.

Ninalokusihi sana: egemeza ubao wa mbele, ule ulio chini ya mtutu, kamwe usiegemeze mtutu wenyewe. Risasi ikitoka mtutu hutetemeka, na mtutu ukiwa umegusa kitu, risasi hupiga pengine. Mfuko wa nyuma ndio usukani wako: ufinye kwa mkono wa kushoto, kitako kinainuka na msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini unashuka, legeza, unapanda.

Kusafisha ni kazi nyingine, na huko egemeo lenye vibano linasaidia kweli. Toa risasi zote, chungulia chemba, pale risasi inapokaa, kisha pitisha fimbo ya kusafishia kutokea nyuma, isije ikakwangua mdomo wa mtutu.