Ukijadili kikomo cha mauzo ya nje, anza na kipimo

Wajumbe wengi hukesha wakivutana juu ya idadi, kumbe mkataba unaharibikia kwenye kipimo. Tazama biashara ya mikoko ya Lamu. Miti huhesabiwa kwa kori, yaani miti 20, na hupangwa kwa unene, kuanzia nyembamba hadi nene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mkiandika "kori kadhaa kwa mwaka" bila kutaja daraja, nani atapakia fito? Jahazi litajazwa boriti na nguzo, msitu utaishiwa miti mikubwa, na hesabu kwenye karatasi itakuwa safi kabisa. Andikeni mgao wa kila daraja, na kipenyo chake kwa sentimita.

Japani ilipokubali mwaka 1981 kutopeleka Marekani zaidi ya magari milioni 1.68 kwa mwaka, kilichohesabiwa ni magari, si thamani yake. Yakapelekwa makubwa na ya bei zaidi. Tena mgao uligawiwa Japani, kwa hiyo nyongeza ya bei iliyoletwa na uhaba iliingia mifukoni mwa wauzaji. Basi suala la nani atatoa leseni za mgao msiliweke kiporo hadi usiku wa mwisho. Hapo ndipo penye pesa. (Mapatano ya namna ile yalikatazwa Shirika la Biashara Duniani lilipoanza, 1995.)

Kisheria, Kifungu cha 11 cha GATT, Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara, kinakataza marufuku na mgao wa mauzo ya nje, ila kinaruhusu ushuru, na kinaruhusu zuio la muda chakula kikiadimika sana. Ukibanwa, geuza kikomo kiwe ushuru. Anayetetea hifadhi hutumia Kifungu cha 20(g), kinachoruhusu hatua za kuhifadhi maliasili inayoweza kwisha, lakini sharti awabane na wazalishaji au watumiaji wa nyumbani. China ilishindwa hapo mwaka 2014 katika kesi ya madini adimu. Kenya nayo ilizuia boriti kwenda nje mwaka 1982 huku soko la ndani likiendelea. Hoja kama hiyo ikipelekwa mezani leo, upande wa pili utaitoboa kabla ya chai ya saa nne.

Halafu kuna mzigo ulio njiani kikomo kinapoanza, ambao husahaulika karibu kila mara. Andikeni kwamba kinachohesabiwa ni tarehe ya hati ya shehena, si siku ya kufika bandarini. Bila hivyo, nahodha aliyeng'oa nanga kihalali atafika akiwa mhalifu, na mzozo mpya utaanza kabla wino haujakauka.