Masuali ya Wasomaji: Waliozidiwa katika hoki ya barafu

SUALI: Mheshimiwa Mhariri, Assalaam alaykum. Mwanangu anayesoma Canada amenizoesha kutazama hoki ya barafu katika simu, na mara nyingi nakutana na orodha za wachezaji wanaochekwa kwamba hawakustahili kabisa kuwamo katika NHL, ligi kuu ya mchezo huo ya Marekani na Canada. Hapa Pemba tumewaona vijana waliotamba Gombani wakavuka bahari na kuishia benchi la klabu kubwa za Dar es Salaam, lakini hao hawakulipwa mamilioni ya dola. Je, ligi tajiri kama ile inawezaje kumpanga mtu asiyeimudu? Na nani aliyezidiwa kuliko wote? (Msomaji, Wete)

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yetu. Tuanze na suali lako la mwisho, kwa sababu lina jibu la tarakimu, na tarakimu hiyo inapotosha. Katika NHL kila mchezaji asiye mlinda mlango huongezewa alama moja timu yake inapofunga naye akiwa uwanjani, na hupunguziwa moja inapofungwa. Mabao ya timu yenye mchezaji wa ziada kutokana na adhabu hayahesabiwi. Kwa kipimo hicho hakuna aliyewahi kushuka kama beki Bill Mikkelson, ambaye msimu wa 1974–75 alimaliza michezo 59 akiwa na alama 82 chini ya sifuri.

Lakini tazama alichezea timu gani. Washington Capitals walikuwa katika msimu wao wa kwanza, wakashinda michezo 8 kati ya 80, wakafungwa mabao 446, na mmoja wa walinda mlango wao, Michel Belhumeur, alimaliza msimu bila ya kuandikiwa ushindi hata mmoja. Ligi iliyokuwa na timu 6 hadi mwaka 1967 ilikuwa imefikia timu 18, na tangu 1972 ligi shindani ya WHA ilikuwa ikiwavuta wachezaji kwa mishahara mizuri zaidi. Timu mpya zilijazwa kwa wachezaji ambao klabu za zamani hazikuona hasara kuwaachia. Mikkelson alikuwa mchezaji wa kawaida aliyewekwa mahali ambapo hata beki hodari angeumbuka, na kwa maoni yetu kumwita mbovu kuliko wote ni kumwonea.

Mfano wa kinyume chake ni David Ayres. Tarehe 22 Februari 2020, mjini Toronto, katika mchezo dhidi ya timu ya mji huo, walinda mlango wote wawili wa Carolina Hurricanes waliumia, na kwa mujibu wa kanuni akaingizwa mlinda mlango wa dharura, mtu wa miaka 42 ambaye hakuwa mchezaji wa kulipwa na aliyewahi kuendesha mashine ya kulainisha barafu. Mashuti mawili ya mwanzo yote yakaingia. Baada ya hapo wenzake wakaizonga Toronto kiasi kwamba, kwa muda wote uliobaki, alihitaji kuokoa mashuti 8 tu, akayaokoa yote, na Carolina wakashinda 6–3. Kwa hiyo, mtu aliyestahili kuzidiwa hakuonekana kuzidiwa, kwa kuwa mbele yake walisimama watu waliomkinga.

Sasa turudi kwenye suali lako la kwanza, la namna wanavyoingia. Vijana huchaguliwa na timu kwa zamu wakiwa na miaka 18 hivi, na timu dhaifu ndizo zinazotangulia kuchagua. Mwaka 1993 Ottawa Senators, waliokuwa wametoka kupoteza michezo 70 katika msimu mmoja, walimchukua Alexandre Daigle kuwa wa kwanza na kumpa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 12.25. Naye alitamba kwamba hakuna anayemkumbuka wa pili. Wa pili alikuwa Chris Pronger, ambaye mwaka 2000 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi na mwaka 2007 akatwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi. Daigle alicheza michezo 616 na kufunga mabao 129, jambo ambalo vijana wengi wangeliomba usiku na mchana, ila kwake yeye likahesabiwa kuwa aibu. Mkataba wake ulikuwa miongoni mwa sababu za ligi kuweka kikomo cha mishahara ya wachezaji wapya mwaka 1995.

Patrik Stefan, chaguo la kwanza la mwaka 1999, anakumbukwa kwa jambo baya zaidi: Januari 2007, akiichezea Dallas, alibaki peke yake mbele ya goli lisilo na mtu, akakosa, na Edmonton wakasawazisha sekunde mbili kabla ya kipyenga. Wanaocheka hawasemi kwamba Dallas walishinda usiku ule kwa mapigo ya penalti, wala kwamba Stefan alikuwa na historia ya majeraha ya kichwa tangu kabla ya kuchaguliwa.

Hatusemi kwamba hakuna anayezidiwa kweli. Uwanja ni wa mita 61 kwa 26, umezungushiwa ukuta unaorudisha mchezoni kisahani kinachochezwa badala ya mpira, na mchezaji hukaa humo chini ya dakika moja kabla ya kubadilishwa. Kijana aliyezoea kupata nafasi ya kutazama kabla ya kupasia huikosa nafasi hiyo ghafla, na mikono yake mizuri haimsaidii kitu. Kasoro hiyo ni vigumu kuiona katika ligi za vijana, kwa kuwa huko hakuna anayemharakisha.

SUALI: Je, ni kweli kwamba Tanzania iliwahi kufungwa 18–0 katika mpira wa magongo wa Olimpiki? (Msomaji, Kiembesamaki)

JIBU: Ni kweli, ingawa huo ni mchezo wa nyasi na wachezaji wetu hawakuwa wa kulipwa. Ilikuwa Moscow mwaka 1980, na waliotufunga ni India, waliotwaa dhahabu. Mataifa kadhaa makubwa ya mchezo huo yalisusia mashindano, nafasi zikajazwa kwa mwaliko, na Tanzania ikajikuta katika kundi la timu 6 ambalo kwa kawaida isingelifikia. Katika michezo mitano ya kundi tulifungwa mabao 54 na kufunga 3. Wazee wanaoukumbuka mchezo huu hapa Unguja huitaja ile 18–0 peke yake. Lakini mawili kati ya mabao yetu matatu tuliwafunga Wasovieti, wenyeji walioondoka na shaba, na Cuba walitushinda kwa 4–0 tu.