Kwa nini Mwingereza "anaogopa" anapokupa habari mbaya?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, upande wa buking. Tulichelewa kulipa dipoziti kwa loji moja ya Serengeti, vyumba vya wageni wetu wa Uingereza vikauzwa kwa wengine. Nikawaandikia: "I am afraid your rooms are no longer available." Bosi akaifuta, akasema kampuni haimwogopi mteja, niandike "We regret to inform you". Mwenzangu wa meza ya pili anasema "Sorry" inatosha. Nani yuko sahihi? *Msomaji, Arusha*

Jibu: Marahaba. Bosi wako amekosea sababu, ila kufuta kwenyewe amefanya vyema.

Tuanze na huo woga. Anayeogopa kweli husema "I'm afraid of lions", na simba anamwona. Lakini "I'm afraid" ya habari mbaya haina hofu hata chembe. Hubeba taarifa nzima mgongoni, na inaweza hata kuhamia mwisho wa sentensi: "He has already left, I'm afraid." Mpokea simu wa ofisi ya London huitamka siku nzima huku akinywa chai yake. Ukimuuliza kama nafasi ipo, "I'm afraid not", haipo. Ukimuuliza kama ndege imeshaondoka, "I'm afraid so", imekwenda. Kazi ya maneno hayo ni kukupa tahadhari, ili kabla habari haijakufikia ujue kwamba haitakufurahisha. Ndiyo maana hayakai mbele ya habari njema. Mwambie mtu "I'm afraid you've won the prize" uone kama hatadhani unamtania.

Tatizo la sentensi yako liko kwingine. Anayesema "I'm afraid" hujiweka pembeni ya jambo. Yeye ni mjumbe tu, kama huyo mpokea simu ambaye si yeye aliyemwondoa bosi wake ofisini. Kiwanja cha ndege cha Seronera kikifungwa kwa mvua, mwandikie mgeni "I'm afraid the airstrip is closed" na hakuna atakayekulaumu, maana mvua si yako. Dipoziti iliyochelewa ni yenu. Mgeni akija kugundua baadaye, ataisoma tena barua yako na kuona mlijikausha. "Unfortunately" ina kasoro hiyohiyo, kwa kuwa lawama yote inaiangukia bahati. Si neno baya, lakini barua pepe za maofisini zimelichosha kiasi kwamba msomaji wa Kiingereza akiliona mwanzoni mwa aya anaruka moja kwa moja kutafuta hasara yake. Likitumika, liwe mara moja kwa barua.

Sasa hiyo "regret" ya bosi. Ni sauti ya taasisi, haina uso wa mtu. Stesheni za treni za Uingereza ziliwahi kuitumia kwenye spika kutangaza treni zilizofutwa. Ina historia nzito pia. Katika Vita Kuu ya Pili, familia za Marekani zilipokea telegramu zilizosema Waziri wa Vita anaeleza "his deep regret" kwamba mume au mwana ameuawa vitani. Uingereza, katika vita ya kwanza, familia ya askari wa kawaida ilitumiwa kwa posta fomu namba B. 104-82, iliyoanza na "It is my painful duty to inform you", yaani ni wajibu wangu mchungu kukuarifu. Maneno ya namna hiyo yamezika watu. Leo "We regret to inform you" hufungua zaidi barua za kunyimwa kazi au nafasi ya chuo. Maharusi waliolipia fungate yao Serengeti wakikuta hayo juu ya barua pepe, watashtuka kwanza kuliko ilivyostahili, kisha wakijua ni vyumba tu wataona mmewaandikia kama serikali.

Mkiamua kuitumia, angalieni sarufi. "I regret to tell you" ni habari ninayoitoa sasa hivi. "I regret telling you" ni kwamba nilishakwambia, na natamani ningenyamaza! Nimeona barua za ofisi zikichanganya hizo mbili, na "We are regretting" nayo ipo, ambayo haiandikiki kabisa. Kuna pia "regrettably" na "regretfully". Ya kwanza inasema jambo lenyewe ni la kusikitisha, ya pili inasema mtu fulani alitenda kwa masikitiko. Kwa barua yako hiyo ya pili haihitajiki.

Mwenzako wa meza ya pili ndiye aliyekaribia, ila ameishia njiani. "Sorry" inafanya kazi ambazo sisi tumezigawa kati ya pole na samahani. Ndiyo sababu Mtanzania akimwona Mwingereza amejikwaa akasema "Sorry!", hujibiwa kwa mshangao kwamba si kosa lake. "Sorry, your rooms are gone" haijasema ni ipi kati ya hizo mbili. Kinachoamua ni kinachofuata. "Sorry to hear" ni pole. "Sorry to tell you" ni masikitiko ya mtoa habari. "Sorry for paying late" au "sorry that we paid late" ni kosa lenye mwenyewe. "Apologise" imebaki upande wa kosa tu, na ndiyo maana huwezi kuitumia kwenye msiba wa mtu ila kama umemuua wewe.

Makampuni huikwepa "apologise" kwa kuhofia mahakama. England kuna Compensation Act ya 2006, ambayo kifungu chake cha 2 kinasema kuomba radhi peke yake hakuhesabiki kuwa kukiri uzembe. Kanada, jimbo la British Columbia lilipitisha sheria ya kuomba radhi mwaka huohuo, na Ontario 2009. Hizo ni za huko. Mkataba wenu soma na mwanasheria wa kampuni.

Jambo jingine ni mpangilio, na hapa ndipo sisi hujikwaa zaidi. Kwetu habari mbaya haipasuliwi. Mtu huambiwa "njoo nyumbani, mzee hajisikii vizuri", na hupata ukweli akikuta viti vimepangwa nje. Barua zetu za Kiingereza hurithi tabia hiyo: salamu, shukrani kwa kutuchagua, sifa za Serengeti, kisha aya ya tatu ndipo vyumba vinapotoweka. Mwingereza anasoma mistari miwili kwenye simu akiwa ndani ya basi. Madaktari wa saratani wa Marekani na Kanada waliuandika utaratibu wao wa kutoa habari mbaya mwaka 2000, unaoitwa SPIKES. Nao unashauri tahadhari kwanza, kisha habari kwa maneno ya kawaida, kisha nafasi ya mgonjwa kuumia. Kwenye barua, tahadhari ni maneno machache na habari inafuata ndani ya sentensi ileile.

Ningeandika hivi:

"I'm sorry to have to tell you that your rooms at the lodge are no longer available. This was our mistake: we paid the deposit late and the lodge released them. We apologise. We are holding two rooms for you at another lodge nearby, at no extra cost, until Friday."

Sentensi ya mwisho iandike tu kama vyumba hivyo mnavyo kweli mkononi na bosi ameidhinisha gharama. Kama hamna, taja tarehe mtakayorudisha fedha. Na bosi akikataa "our mistake", iondoe, ila "we paid the deposit late" ibaki. Mgeni atamalizia mwenyewe.