Orodha ikae mfukoni: kwa anayeanza kuongoza watazamaji wa ndege Lindi na Mtwara

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza kozi ya uongozaji watalii alinipigia simu. Kapata kibarua cha kumsaidia mwongozaji wa safari ya ndege, siku 6, kuanzia Lindi mjini, msitu wa Litipo, msitu wa Rondo, kisha kushukia Mtwara. "Kaka, nitumie orodha ya ndege niikariri." Nikamwambia orodha nitamtumia, ila akifika Litipo ataikunja aitie mfukoni, kwa sababu mle ndani ndege hawaonekani. Wanasikika.

Hapo ndipo wanapokwama wengi waliozoea mbugani. Mikumi unasimamisha gari, unanyoosha kidole, mgeni anapiga picha. Misitu yetu ya kusini imebaki vipande vidogo, lakini kipande hichohicho kimeshonana kwa mitambaazi kiasi kwamba ukitoka njiani hatua tano mwenzako hakuoni. Mgeni amekuja kwa ajili ya ndege ambao hawapati kirahisi kwingine. Yupo Batis reichenowi, kindege mweusi na mweupe aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1911, ambaye makazi yake ni misitu hii ya pwani ya kusini mashariki ya Tanzania. Ukikaa kimya utamjua kwa mlio wa mabawa yake, prrp fupi kama mtu anayechanganya karata. Akishakaa juu kwenye majani utamtafuta mpaka shingo iume.

Kwa hiyo kabla ya kitabu, fundisha masikio. Chukua sauti ishirini, si mia mbili. Hondohondo mwenye mdomo wa tarumbeta analia kama mtoto mchanga aliyenyimwa ziwa. Huyo utamjua siku ya kwanza. Kuna kijindege anagonga ting, ting, ting kama fundi bati asiyejua saa ya chakula. Kororo, kanga wa msituni wenye kishungi, ukiwasikia wanaparua majani makavu simamisha kundi lote, maana mmoja akikuona tu wote wameondoka. Keti sehemu moja, msitu mmoja, asubuhi tano mfululizo, andika kila sauti usiyoijua kisha ukae mpaka mwenyewe ajitokeze. Ni kazi ya kuchosha na hakuna anayekulipa. Mimi sijaona njia nyingine.

Na hata masikio yanadanganya. Mwaka wangu wa pili niliongoza wageni wanne kule Rondo. Kama saa moja na nusu asubuhi nikasikia tai mwenye ushungi, ule mluzi wake wa kupanda na kushuka, karibu kabisa. Nikawaambia wageni kwa kujiamini kabisa: tai yupo hapo mbele, chini chini, labda ana kiota. Tukaingia. Upupu ukatukaribisha, mama mmoja akachanika suruali, tukatambaa dakika arobaini. Mluzi unatoka palepale, kwenye kichaka kisichozidi kimo cha mtu. Nikachungulia. Amekaa kindege wa tumbo la rangi ya chungwa, bawa la kijivu, saizi ya shore: Cossypha natalensis, bingwa wa kuigiza sauti za wenzake. Akanitazama, akamaliza wimbo wa tai, akaunganisha na mwingine sijui wa nani. Wageni walicheka mpaka wakasahau suruali. Mimi sikucheka siku ile. Tangu hapo nikisikia sauti ya ndege mkubwa inatoka chini kwenye giza, nasema "nasikia sauti inayofanana na", basi.

Kauli hiyo itakusaidia kuliko darubini ya gharama. Usimwahidi mgeni ndege. Ofisi fulani niliyowahi kuifanyia kazi ilikuwa inaandika kwenye ratiba yake "siku ya tatu: pita". Yaani ndege kama basi la saa kumi na mbili! Pita wa Afrika, Pitta angolensis, anakuja kuzaliana kusini kwetu mvua za kwanza zikishaanza, Novemba au Desemba. Anasafiri usiku, na mara nyingine huvutwa na taa za nyumba akajigonga ukutani. Mwaka ambao mvua imechelewa, na yeye unaweza kumkosa. Akiwepo utamkuta alfajiri juu ya tawi, anaruka wima kama aliyechomwa mwiba, tumbo jekundu linawaka, anatoa mlio mmoja mkavu, anatua palepale. Nimewahi kumwona akifanya hivyo mara kumi na moja bila kuhama tawi. Na nimekaa siku nne nzima Litipo bila kusikia hata mlio. Ratiba ile ilinitia aibu, si kidogo.

Utajaribiwa kutumia spika. Unapiga sauti ya ndege kwenye simu, dume anakuja mbio akidhani ameingiliwa kwake. Sisemi usitumie kabisa. Nasema mara moja, muda mfupi, na si wakati wa kuzaliana. Rondo na Litipo kuna yule Geokichla guttata, mgongo wa kahawia, kifua cheupe chenye madoa meusi, anayetembea chini akipekua majani. Huzaliana kwetu, na wapo wanaoonekana pwani ya Kenya kati ya Aprili na Novemba. Ni ndege walio hatarini na msitu waliobakiwa nao ni mdogo. Dume ukimtoa kiotani mara tano kwa siku ili mgeni apate picha, hesabu mwenyewe nani anayebaki akilinda mayai.

Mambo ya kijiji usiyachukulie kama utaratibu wa makaratasi tu. Kibali cha kuingia msitu wa hifadhi kipo kwa watu wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kishughulikie mapema. Ila hata ukiwa nacho, anza kwa mwenyekiti wa kijiji, piga hodi, amkia wazee, sema mmekuja kufanya nini. Watu wageni wenye darubini msimu wa korosho, Oktoba na Novemba, wanatia shaka. Tumewahi kuzuiwa njiani tukidhaniwa watu wa kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa kichinichini, wanaochungulia nani ana mzigo ndani. Kijiji kingine walisema tunapima madini. Babu mmoja alinihoji nusu saa nzima: "Mjukuu wangu, mtu aache kwake Ulaya, apande ndege, aje kutazama ndege?" Nikampa darubini. Akamtazama tai aliyekuwa anazunguka juu ya mikorosho, akanyamaza, kisha akaagiza tuletewe viti. Siku hizi darubini ya pili naibeba kwa ajili ya wenyeji.

Juni mpaka Agosti jua kwamba watu wanapuliza salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho, na wanaanza alfajiri upepo ukiwa umetulia, saa ileile unayoitaka wewe. Usiku wa kuamkia siku hiyo, uliza mashine zitakuwa upande gani.

Hili nalo dogo, lakini litakuumbua. Wageni huelekezwa ndege kwa uso wa saa: juu ya mti ni kumi na mbili, kulia ni tatu, kushoto ni tisa. Wewe na dereva wako mnahesabu saa za Kiswahili. Ukisema "saa tatu", dereva anaona mshale kwenye tisa, anageukia kushoto, mgeni kageukia kulia, ndege kaondoka. Tumia kulia, kushoto, tawi la pili kutoka chini, pale palipokauka.

Mavazi: suruali ndani ya soksi, buti, tochi. Moma akilala kwenye majani makavu ya Rondo unaweza kumkanyaga huku unamtazama, kwa hiyo tembea mbele ya wageni, polepole. Ukiacha lami kupanda uwanda ule, zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, mvua ikinyesha utelezi ni wa kusukuma gari. Beba jembe.

Usiku wa Rondo msilale mapema. Zima tochi, sikilizeni komba. Yule mdogo kabisa, kama gramu 60, mkia kama brashi ya kuoshea chupa, ametambuliwa na wanasayansi kuwa aina ya peke yake miaka ya 1990 tu na jina lake la kisayansi limebeba jina la Rondo. Wageni wa ndege husema hawataki wanyama. Waite hivyohivyo.

Ukishuka Mtwara mambo yanabadilika, unaona mbali mpaka macho yanauma. Kule Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, mgeni atakuulizia Dromas ardeola, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Kosa la wageni wa kazi ni kwenda maji yakiwa yamekupwa, kwa kuwa ndipo tope linapoonekana. Ndege wametawanyika kilomita nzima, unaona vidoti. Muulize mvuvi bamvua, yaani siku za maji makubwa, ni lini, mfike fungu la mchanga maji yanapoanza kujaa, mkae chini kimya. Bahari yenyewe inawasukuma kuja kwenu, vitwitwi kwanza, halafu wale wenye mdomo mnene, hatua kwa hatua, mpaka unasikia gamba la kaa likivunjika. Ila mwambie mwenye mashua asiende mbali. Sisi tulirudi maji yakiwa kiunoni, darubini shingoni, daftari kichwani.