Jina moja, watoto wawili rejestani: baba wa babu ni yupi?

SWALI: Rejesta ya parokia ina watoto wawili wenye jina la baba wa babu yangu, wazazi tofauti. Kipimo cha DNA kimenipa ndugu mmoja wa ukoo, tunayeshiriki naye sentimogani 58 (kizio cha kupimia DNA inayofanana). Inatosha kuamua?

JIBU: Haitoshi. Anza na rejesta ya mazishi: huenda mmoja alifariki angali mchanga. Kisha soma pembeni mwa kila ubatizo. Katika parokia za Kikatoliki, hasa baada ya 1908, padre aliandika hapo ndoa ya aliyebatizwa. Fungua picha ya ukurasa wenyewe, maana faharasa huacha maandishi hayo, na ndiyo yenye uzito. Linganisha pia wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa. Mara nyingi ni shangazi na wajomba.

Sentimogani 58 zaweza kutoka tawi lolote la ukoo. Tafuta kundi la watu wanaolingana DNA nawe na wao kwa wao, wote wazao wa watoto wengine wa jozi moja kati ya hizo mbili za wazazi. Mpime baba au shangazi yako kwanza, angali hai: yuko kizazi kimoja karibu zaidi. Ila ikiwa baba wa watoto hao wawili wa rejestani walikuwa ndugu wa baba na mama mmoja, DNA itakuchanganya. Hapo tegemea rejesta.