Ukianza kazi kwenye mizabibu ya nchi za baridi

Karibu kila anayeingia kazi hii huanza kwa kuulizia udongo. Nakushauri uanze na joto. Mzabibu hauamki mpaka wastani wa joto la siku ufike kama nyuzi 10 za Selsiasi, na penye baridi msimu ni mfupi. Zabibu huiva polepole: sukari hupanda taratibu, na asidi ya maliki, inayoleta uchachu, haipotei haraka kama inavyopotea kwenye joto. Ndiyo maana Riesling nyingi (mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo) za bonde la Mosel, Ujerumani, zina uchachu wa kuchangamsha na kileo kidogo.

Hapo ndipo udongo unapoanza kueleweka, kwa sababu kazi yake kubwa ni kusimamia maji na joto. Mosel iko karibu na latitudo 50 kaskazini. Miteremko inayotazama kusini hupata jua zaidi, na mawe meusi ya sleti huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Chaki ya eneo la Champagne, Ufaransa, hunyonya mvua na kuiachia mizizi kidogo kidogo wakati wa ukavu. Mfinyanzi mzito hushika maji mengi lakini huchelewa kupata joto baada ya majira ya baridi, na kwenye msimu mfupi siku hizo ni za thamani.

Utasikia kwamba mvinyo wa Chablis, Ufaransa, una ladha ya bahari kwa sababu udongo wake una visukuku vya chaza, yaani mabaki yao ya kale yaliyogeuka mawe. Visukuku vipo kweli, ila mizizi haifyonzi ladha ya jiwe. Hufyonza maji na madini yaliyoyeyuka, machache mno kuonjwa hivyo. Ukiliamini hilo la chaza utaacha kuchunguza maji, na maji ndiyo yenye majibu mengi.

Jifunze pia baridi inavyotembea. Hewa baridi ni nzito, hushuka usiku na kutuama bondeni. Chipukizi changa huweza kufa joto likifika nyuzi 2 chini ya sifuri. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ya Aprili 2021 iliunguza mashamba mengi Ufaransa, Chablis ikiwemo. Wengine hunyunyizia maji usiku kucha, kwani maji yanapoganda hutoa joto linalolinda chipukizi. Usizime pampu barafu ikiwa bado haijaanza kuyeyuka. Na kipimajoto kiweke sehemu ya chini kabisa ya shamba, kwenye kimo cha machipukizi. Kile cha ukutani ofisini kitakudanganya.