Kwa nini mbatata "sugu" huacha kuwa sugu

Ndugu, umeuliza mbona mbegu uliyouziwa kama sugu kwa bakajani (ugonjwa unaoozesha majani ya mbatata) imeshikwa baada ya misimu michache. Kinga ya mbegu ikitegemea jeni (chembe ya urithi) 1 kubwa, kimelea kinacholeta bakajani (Phytophthora infestans) kikibadilika kidogo tu, kinga imekwisha. Ndivyo zilivyoshindwa jeni za Solanum demissum, kiazi mwitu cha Mexico. Siku hizi hupachikwa jeni 3 pamoja, au huchaguliwa kinga ya jeni nyingi ndogondogo: jani hupata baka, lakini ule ukungu mweupe wa chini ya jani huwa haba, haurukii shina la pili upesi. Ubaya wake, aina hizo mara nyingi huchelewa kukomaa. Shangi, aina ya mbatata inayojaa soko la Kongowea, Mombasa, hukomaa mapema, ila hushikwa haraka. Hata ukipanda aina yenye kinga, dawa usiache kabisa, punguza tu.